Damu ikishatoka mkononi: namna ya kutunza sampuli mpaka ifike kwenye mashine

Wenzangu mliopo zahanati na vituo vya afya, hii nawaandikia nyie mnaotoa damu saa mbili asubuhi afu sampuli inaondoka na boda au na gari la wilaya saa nane mchana, na nyie wa maabara kubwa mnaoipokea jioni bila kujua imelala wapi siku nzima. Watu wengi wanajua kitu kimoja tu, kwamba sampuli ikichelewa iwekwe kwenye friji. Hiyo nusu ni kweli na nusu ni hatari, kwa sababu kuna vipimo friji inavitunza na kuna vipimo friji inaviharibu kabisa, na ubaya ni kwamba mashine haikwambii, inatoa namba safi kama kawaida na daktari anaiamini.

Nimeipanga kwa hatua, ila hatua nyingine nimezieleza kwa urefu kwa sababu ndo zenye makosa mengi.

Kwanza elewa kinachoendelea ndani ya chupa

Damu ikishaingia kwenye chupa haijafa. Chembe nyekundu na nyeupe zinaendelea kula sukari iliyomo kwenye majimaji ya damu, zinatoa asidi, na ile sukari wanayokula ndo inayoendesha pampu zilizopo kwenye ngozi ya kila chembe. Pampu hizo kazi yake ni kuingiza potasiamu ndani na kutoa sodiamu nje, na ndani ya chembe potasiamu ni nyingi mno, zaidi ya mara 20 ya ile iliyopo nje. Sasa pampu ikilegea, potasiamu inaanza kuvuja taratibu kutoka ndani kwenda nje. Inalegea kwa sababu mbili: sukari ikiisha, au baridi ikizidi. Ukishika hapo tu, mambo mengi yanayofuata utayaelewa bila kukariri.

Kuna na vitu vingine vinavyoendelea: vimeng'enya vinavunjika, mwanga unakula baadhi ya kemikali, bakteria wanazaliana au wanakufa, umbo la chembe linabadilika. Kila kimoja kina kasi yake na kila kimoja kinaathirika na joto kwa namna yake, ndo maana hakuna kanuni moja ya sampuli zote.

Hatua ya 1: kabla hujachoma, jua mambo mawili

Jua mgonjwa anapimwa nini, na jua chombo cha usafiri kinaondoka saa ngapi. Inaonekana ni kitu kidogo ila ndo kinachoamua karibu kila kitu. Kama gari linapita saa saba mchana, hakuna sababu ya kutoa damu ya sukari au ya potasiamu saa moja na nusu asubuhi ikae masaa matano na nusu mezani, mwambie mgonjwa asubiri au arudi saa tano, na kama kipimo kinataka mtu hajala basi kipangie siku ambayo gari linapita mapema. Wagonjwa wanaelewa wakielezwa vizuri. Wenye vipimo visivyo na haraka, kama kolesteroli au kingamwili za VVU au homa ya ini B, hao watoe muda wowote.

Hatua ya 2: uchomaji wenyewe

Hapa siongei sana maana wengi mnajua, ila kuna makosa ya uchomaji yanayofanana kabisa na makosa ya utunzaji, na ukikosea hapa hakuna friji itakayokuokoa. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja. Usimwambie mgonjwa akunje na kukunjua ngumi mara nyingi, hiyo peke yake inapandisha potasiamu. Acha spiriti ikauke kabla hujachoma. Kama umetumia bomba la sindano, usisukume damu kwa nguvu kupita kwenye tundu la sindano kuingia kwenye chupa, chembe zinapasuka na seramu (yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda) inatoka nyekundu kama juisi ya rozela.

Mpangilio wa chupa, kwa rangi ya kifuniko: ya kuotesha vimelea kwanza, afu bluu, afu nyekundu au njano, afu kijani, afu zambarau, mwisho kijivu. Sababu ya zambarau kukaa karibu na mwisho ni kwamba ile dawa iliyomo, EDTA, kwa kawaida ina potasiamu ndani yake na inakamata kalisiamu. Tone dogo likihamia kwenye chupa nyekundu utapata potasiamu ya juu ajabu na kalisiamu ya chini ajabu kwa mgonjwa mmoja. Ukiona hizo mbili kwa pamoja na mtu anatembea vizuri, fikiria chupa kabla hujafikiria figo. Na tafadhali usimimine damu kutoka chupa ya zambarau kwenda nyekundu kwa sababu nyekundu haikujaa.

Chupa zenye dawa zigeuzwe juu chini taratibu, zambarau mara 8 mpaka 10, bluu mara 3 au 4. Kugeuza, sio kutikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Hatua ya 3: andika saa

Saa damu ilipotoka iandikwe kwenye chupa na kwenye fomu. Tarehe peke yake haitoshi. Anayeipokea bila saa hawezi kujua kama damu ina saa moja au masaa tisa, na maamuzi yote ya kwenye hatua zinazofuata yanategemea hiyo namba moja. Andika kwa mfumo ambao wote mmekubaliana, ili saa 8 isisomwe na mwingine kama asubuhi na mwingine kama mchana.

Hatua ya 4: pima joto la chumba chako

Vitabu vinaposema "joto la chumba" wanamaanisha kama nyuzi 18 mpaka 25. Sasa chumba cha zahanati ya Lindi, Tanga au Dar mwezi wa pili bila kiyoyozi kinafika 31, 32, na kwenye dirisha linalopigwa na jua kinapita hapo. Hicho sio joto la chumba kinachosemwa kitabuni. Na kinyume chake, usiku wa mwezi wa sita au wa saba kule Njombe na Makete, sampuli iliyoachwa kwenye meza karibu na dirisha inapoa mpaka inakaribia kabisa hali ya friji bila mtu yeyote kuiweka kwenye friji. Uingereza hili lilishaonekana, sampuli zinazotoka kwa madaktari wa mitaani zinaonyesha potasiamu ya juu zaidi wakati wa baridi kuliko wakati wa joto, wagonjwa ni walewale, kilichobadilika ni hali ya hewa ya njiani.

Kwa hiyo tafuta kipimajoto cha ukutani, kikae pale pale sampuli zinapokaa, kisomwe asubuhi na mchana. Chagua kona yenye kivuli, mbali na dirisha, mbali na sterilaiza. Kama chumba kinapita 25 kila siku, weka sampuli za joto la chumba ndani ya boksi la kubebea chanjo ambalo halina barafu, au lenye pakiti ya maji ya kawaida ya bomba tu bila kugandisha. Inasaidia sana, maana ule ukuta wa boksi unazuia joto la nje lisiingie haraka.

Hatua ya 5: potasiamu na wenzake wa biokemia

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu mtu anaweza kudhurika.

Chukua mfano huu, ambao mtu yeyote wa maabara ya wilaya ameshaukuta kwa namna moja au nyingine. Sampuli ya chupa nyekundu imetolewa zahanati jioni, gari limeshaondoka, mhudumu kwa nia njema kabisa anaiweka kwenye friji ilivyo, haijatenganishwa, damu nzima. Asubuhi inasafirishwa. Inafika, inaspiniwa (inazungushwa kwa kasi kwenye sentrifuji ili chembe zishuke chini), seramu ni ya njano safi kabisa, haina wekundu wowote. Mashine inatoa sodiamu 138, kreatinini kawaida, potasiamu 7.6. Kiwango cha kawaida kinaishia karibu na 5.1, na 6.5 kwenda juu ni namba ya kumpigia daktari simu saa hiyo hiyo kwa sababu moyo unaweza kusimama. Daktari akiamini hiyo namba anaweza kuanza kumpa mgonjwa dawa za kushusha potasiamu ambayo haikuwahi kupanda, na hapo ndo unamuua mtu ambaye potasiamu yake halisi ni 4.

Kilichotokea ni ile pampu. Kwenye nyuzi 4 pampu imesimama karibu kabisa, usiku mzima potasiamu imevuja, ila chembe hazijapasuka, ndo maana seramu ni safi na jicho haliwezi kukusaidia. Watu tumezoea kuangalia wekundu kama dalili ya sampuli mbovu, sasa kwenye hii hakuna wekundu.

Joto nalo lina mchezo wake. Damu ikikaa kwenye nyuzi 30 na zaidi, mwanzoni chembe zinachangamka, pampu inafanya kazi kwa kasi na potasiamu inaweza hata kushuka kidogo, unaweza kumkosa mgonjwa ambaye kweli potasiamu yake iko juu. Masaa yakienda sukari inaisha, pampu inakosa chakula, potasiamu inapanda. Kwa hiyo sampuli ileile inaweza kudanganya chini saa saba mchana na kudanganya juu jioni.

Cha kufanya ni hiki:

1. Chupa nyekundu au njano iache isimame wima kwenye raki kwa dakika 30 mpaka 60 igande vizuri, kwenye joto la chumba. Usiifungue, usiichokonoe, usiispini kabla haijaganda maana utapata nyuzinyuzi za fibrini zitakazoziba sindano ya mashine. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda atachukua muda mrefu zaidi.

2. Spini na tenganisha seramu ndani ya masaa mawili tangu kutoa damu. Hii ndo namba ya kukariri. Kama chupa ina jeli, jeli ikishapanda katikati ukuta umeshakamilika. Kama haina, hamishia seramu kwenye chupa nyingine safi kwa pipeti, usiguse zile chembe za chini, na uweke lebo papo hapo kabla hujashika ya mgonjwa mwingine.

3. Chupa ya jeli iliyokwisha kuspiniwa usiispini tena mara ya pili. Majimaji yaliyokuwa chini ya jeli yanapanda juu yakiwa na potasiamu yake yote.

4. Seramu iliyotenganishwa inakaa joto la chumba mpaka masaa 8. Inapita hapo, weka friji nyuzi 2 mpaka 8, mpaka masaa 48. Inapita hapo, gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi.

5. Kama huna sentrifuji na sampuli haitafika kwa wenye sentrifuji ikaspiniwa ndani ya yale masaa mawili, usitoe damu ya potasiamu hapo. Mpe mgonjwa rufaa aende akatolewe kule kule. Najua nauli ni tatizo, ila namba ya uongo itamgharimu zaidi ya hiyo nauli.

Potasiamu haiko peke yake. Fosfeti, na vimeng'enya vya LDH na AST, navyo vinapanda chembe zikivuja au zikipasuka. Kreatinini inavumilia zaidi, ingawa ile njia ya zamani ya kuipima, ya Jaffe, inaipandisha kidogo damu ikilala usiku kucha na chembe zake. Kolesteroli ni ngumu kuharibika.

Bilirubini adui yake ni mwanga. Jua la moja kwa moja linaweza kula mpaka nusu yake ndani ya saa moja, na hizi sampuli nyingi ni za watoto wachanga wenye manjano ambao uamuzi wa kuwabadilisha damu unategemea hiyo namba. Funga chupa kwa foili mara tu baada ya kutoa, au iweke kwenye bahasha nyeusi, na kama mtoto yuko chini ya taa ya matibabu izime wakati unatoa damu.

Hatua ya 6: sukari

Sukari kwenye damu ambayo haijatenganishwa inashuka kwa asilimia 5 mpaka 7 kila saa kwenye joto la chumba la kawaida. Kwenye joto letu la pwani inashuka haraka zaidi, na kwa mgonjwa mwenye chembe nyeupe nyingi sana au vimelea vingi vya malaria inashuka haraka kupita hapo, maana hao wote wanakula.

Fanya hesabu uone. Mama amekuja hajala, sukari yake halisi ni 8.0, huyo ana kisukari maana mpaka wa kufunga ni 7.0. Damu yake kwenye chupa nyekundu inakaa masaa 6 kabla ya kuspiniwa. Kwa asilimia 5 kila saa inafika 5.9, kwa asilimia 7 inafika 5.2. Anaambiwa yuko salama, anarudi nyumbani, anaendelea na chai yake ya vijiko vitatu mpaka siku miguu itakapoanza kufa ganzi.

Tumia chupa ya kijivu yenye floraidi, ila usidhani ni kinga kamili. Floraidi inazuia hatua za mwisho za kuvunja sukari, zile za mwanzo zinaendelea, kwa hiyo kwenye saa la kwanza mpaka hata la nne sukari bado inashuka kabla haijatulia. Kwa hiyo hata ya kijivu, ispini mapema, na kama huwezi basi hii iweke kwenye ubaridi mara moja mpaka itakapospiniwa. Hapa baridi ni rafiki, kwenye potasiamu ni adui, ndo maana hizi sampuli mbili zisilale kwenye boksi moja. Na kama una mashine ya kidole inayofanya kazi na inayohakikiwa, kwa ufuatiliaji wa mgonjwa ambaye kisukari chake kinajulikana pima pale pale kitandani, usisafirishe kabisa.

Usipime potasiamu kwenye chupa ya kijivu, nyingi zina oksaleti ya potasiamu.

Hatua ya 7: FBP (picha kamili ya damu) na slaidi

Chupa ya zambarau ni mvumilivu. Himoglobini, idadi ya chembe nyeupe na idadi ya chembe sahani (zile za kugandisha damu) zinakaa vizuri mpaka masaa 24 kwenye joto la chumba la kweli. Ila chembe nyekundu zinavimba taratibu masaa yakienda, MCV (wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu) inapanda, na mgonjwa ambaye chembe zake ni ndogo kwa sababu ya upungufu wa madini ya chuma anaweza kuonekana wa kawaida kesho yake. Ukiona MCV za sampuli zote za kituo kimoja zimepanda siku moja, tafuta zilikaa wapi.

Slaidi haina subira. Ya malaria ipakwe ndani ya saa moja, vimelea vikikaa kwenye EDTA vinabadilika umbo, vingine vinatoka nje ya chembe na kuvitambua ni aina gani inakuwa kazi. Ya kuangalia chembe nyeupe isizidi masaa mawili au matatu, zinaanza kutoboka matundu ndani na msomaji anaweza kudhani ni maambukizi makali. Njia rahisi ni kupaka slaidi hapo hapo zahanati, ikauke hewani, ifungwe kwenye karatasi na isafiri pamoja na chupa. Mfuniko wa boksi la slaidi uzibe vizuri, nzi wanapenda sana ile damu iliyokauka.

Chembe sahani zikija chache mno kwa mtu ambaye hana dalili ya kutoka damu, angalia kwanza kama kuna bonge la damu kwenye chupa, afu angalia slaidi kama zimeshikana makundi makundi. Kwa baadhi ya watu EDTA yenyewe inazifanya zishikane. Toa tena kwenye chupa ya bluu, pima mapema, na zidisha jibu kwa 1.1 kwa sababu ya ile dawa ya maji iliyoongezeka.

Hatua ya 8: CD4, wingi wa virusi na DBS

CD4, kipimo cha zile chembe nyeupe za kinga, haitaki friji na haitaki joto, inataka nyuzi 18 mpaka 25, na iwe imeingia kwenye mashine ndani ya masaa 48. Iliyoganda haipimiki.

Wingi wa virusi vya VVU mashine zinatofautiana, zipo zinazoruhusu damu nzima masaa 24 kwenye nyuzi 2 mpaka 25, zipo zinazotaka masaa 6 tu kama iko kwenye joto la chumba. Pigia simu maabara inayopima, uliza wanatumia ipi, bandika jibu ukutani. Ila kwa zote, plazima (majimaji ya damu isiyoganda) ikishatenganishwa ndo inakaa, damu nzima haigandishwi kamwe, ikigandishwa chembe zinapasuka zote.

DBS, ile ya matone ya damu kwenye kadi kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wachanga, ndo mkombozi wa vituo vya mbali kwa sababu haihitaji baridi. Ila inahitaji ukavu. Jaza kila duara mpaka damu ipenye upande wa pili, usirudie tone juu ya tone. Kadi ilale mahali pasafi pasipo na jua wala vumbi, isigusane na nyingine, ikauke kwa masaa manne kwa uchache. Tanga, Pemba, Mafia wakati wa masika masaa manne hayatoshi, hewa yenyewe ina maji, iache usiku kucha. Ikauke mpaka rangi iwe kahawia iliyokolea, hakuna wekundu unaong'aa hata kidogo. Afu karatasi laini kati ya kadi na kadi, ndani ya mfuko wa zipu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu na kadi ya kuonyesha unyevu. Hiyo kadi ya unyevu ikigeuka kutoka bluu kuwa ya pinki, badilisha vipakiti siku hiyo hiyo. Kadi iliyofungiwa na unyevu inaota ukungu, na mama atarudishwa na mtoto kuchomwa kisigino upya wakati wiki za kuanza dawa zinapita.

Hatua ya 9: zile zenye masharti yake

Vipimo vya kuganda damu, chupa ya bluu: ijae mpaka kwenye alama, sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya dawa, ikipungua jibu linarefuka kwa uongo. Ikae joto la chumba. PT na INR zinavumilia mpaka masaa 24 chupa ikiwa haijafunguliwa, APTT masaa 4. Usiweke kwenye barafu, baridi inaamsha baadhi ya vigandishi na kupoteza vingine.

Chupa za kuotesha vimelea: kamwe friji. Wapo bakteria wanaokufa kwa baridi, wakiwemo wale wa homa ya uti wa mgongo. Zikae joto la chumba na ziwahi inkubeta, na damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki.

Sampuli ya kulinganisha damu kabla ya kuongezewa: hii friji nyuzi 2 mpaka 8. Kama mgonjwa aliongezewa damu au alikuwa mjamzito ndani ya miezi mitatu iliyopita, sampuli ikipita masaa 72 toa nyingine, hata kama ya kwanza bado inaonekana nzuri, kwa sababu mwili unaweza kuwa umeshatengeneza kingamwili mpya.

Amonia: kama huna barafu ya maji na sentrifuji hapo hapo, usiitoe.

Hatua ya 10: njiani

Beba maboksi mawili, moja la ubaridi na moja la joto la chumba, yaandikwe kwa maandishi makubwa ili hata dereva ajue. Pakiti za barafu zisitoke friza moja kwa moja kwenda kwenye boksi, fanya kama mnavyofanya kwenye chanjo, ziache nje kidogo, zitikise mpaka usikie maji yanacheza ndani. Weka gazeti au sponji kati ya barafu na chupa. Damu nzima ikigusa barafu iliyotoka friza moja kwa moja inaganda upande huo na kupasuka.

Chupa zisimame wima kwenye raki. Kwenye boda, barabara ya makorongo inasukasuka damu masaa mawili, kama zinalala na kugongana utapokea seramu nyekundu. Ufungaji uwe wa tabaka tatu: chupa yenyewe, mfuko au kopo lisilovuja lenye pamba au tishu za kutosha kunyonya kila kitu kikimwagika, afu boksi gumu la nje. Fomu zikae nje ya ule mfuko wa pili, zisiloe.

Dereva aelezwe kwa heshima anabeba nini. Boksi lisiachwe kwenye gari lililofungwa vioo juani wakati anakula, ndani mle joto linaweza kupita 50. Lisikae juu ya injini ya basi. Na apewe namba ya simu ya kupiga gari likiharibika, ili huku mjue sampuli zipi zimeshapita muda wake.

Hatua ya 11: friji na friza zenyewe

Friji ya sampuli isiwe ya chakula na isiwe ya chanjo. Kipimajoto ndani, kisomwe mara mbili kwa siku na kuandikwa. Sampuli zisikae mlangoni, pale joto linapanda kila mlango ukifunguliwa. Jaza nafasi tupu na chupa za maji, umeme ukikatika zinashikilia ubaridi muda mrefu zaidi, na msiifungue mpaka urudi.

Friza za kisasa za nyumbani zinazojiyeyusha barafu zenyewe hazifai, zinapata joto na kuganda tena kila siku na kila mzunguko unaharibu. Gawa seramu kwenye chupa ndogo ndogo kabla ya kugandisha, ili ukihitaji kipimo kimoja usiyeyushe yote. Iliyoyeyuka igeuzwe taratibu mara kadhaa ichanganyike, maana ikiyeyuka inajipanga matabaka, ya juu maji matupu na ya chini nzito.

Hatua ya 12: sampuli imefika imechelewa, ufanyeje

Usiimwage haraka. Mgonjwa anaweza kuwa ametoka kilomita 40. Angalia saa iliyoandikwa, piga simu kituo, uliza ilikaa friji au mezani, afu chambua kipimo kimoja kimoja. Chupa nyekundu iliyolala usiku kwenye friji bila kutenganishwa: kolesteroli pima, kingamwili za VVU na homa ya ini B pima, kreatinini pima ila andika maelezo, potasiamu na sukari usitoe kabisa, hata kama daktari anakuomba "hata ya kukadiria tu". Zambarau ya jana: himoglobini toa, HbA1c (ile ya wastani wa sukari wa miezi mitatu) toa maana kwenye friji inakaa vizuri siku kadhaa, MCV andika kwamba sampuli ni ya jana, slaidi acha.

Kwenye jibu usiandike "sampuli mbovu" peke yake. Andika kilichotokea na kinachotakiwa, mfano: "Potasiamu haikupimwa, damu ilikaa kwenye friji masaa 14 kabla ya kutenganishwa, tunaomba sampuli mpya iliyospiniwa ndani ya masaa 2." Afu mpigie simu yule nesi au mganga aliyeituma, mpe siku na saa ambayo gari linapita, ili mgonjwa akiitwa tena aitwe mara moja tu.